Huduma ya dharura 912: watu walio nyuma ya king'ora, na yale ambayo utafiti umebaini

Kiswahili huliita gari la wagonjwa. Kinyarwanda huliita imbangukiragutabara, yaani kile kinachokwenda mbio kuokoa. Sisi ambao kazi yetu ya kila siku ni kuhamisha habari kutoka lugha moja hadi nyingine hatuwezi kuipuuza tofauti ya majina hayo mawili. La kwanza lataja chombo na yule aliyelazwa ndani yake. La pili lataja kitendo, na kitendo hufanywa na watu.

Tafiti za huduma ya tiba ya dharura zilizofanywa Rwanda na kwingineko barani katika miongo miwili iliyopita zinaelekea kwenye jina hilo la pili. Gari ni la lazima, lakini halitoshi. Uhai wa mgonjwa hutegemea mlolongo wa watu: anayetambua hatari, anayepokea simu, dereva, muuguzi aliye ndani ya gari, na daktari anayengoja mlangoni. Makala haya yanaeleza huduma hiyo ni nini, nani wanaifanya, na kwa nini jambo hili linawahusu kwa namna ya pekee wakazi wa Rusizi, waishio mbali na mji mkuu.

SAMU ni nini?

SAMU ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yanayomaanisha Huduma ya Msaada wa Tiba ya Dharura. Wizara ya Afya ya Rwanda iliianzisha mwaka 2007, nambari yake ya simu ni 912, na kuipiga hakulipiwi. Jina na mfano wake vilitoka Ufaransa, ambako SAMU ya kwanza iliundwa mjini Toulouse mwaka 1968 chini ya Profesa Louis Lareng. Nchini Ufaransa ilikuwa kawaida kwa daktari mwenyewe kupanda garini na kumfuata mgonjwa. Rwanda, yenye madaktari wachache, haikuweza kuiga hilo, hivyo jijini Kigali timu ya SAMU ikawa na dereva, muuguzi, na muuguzi mwenye ujuzi wa dawa za usingizi, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kulinda pumzi ya mgonjwa aliyezimia.

Wilayani hali ni tofauti kidogo. Sehemu kubwa ya kazi ya magari ya wagonjwa ni kumhamisha mgonjwa kutoka kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, na kutoka hapo hadi hospitali ya rufaa. Mkazi wa kijijini, kwa hiyo, mara nyingi hukutana na gari hilo akiwa ameshavuka hatua moja au mbili za safari yake. Hatua hizo za mwanzo ndizo zinazowashughulisha sana watafiti.

Rusizi na umbali wake

Wilaya ya Rusizi, sehemu ya iliyokuwa zamani mkoa wa Cyangugu, ina sekta 18, na kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 wakazi wake wanakaribia nusu milioni. Ina hospitali mbili za wilaya, Gihundwe na Mibilizi. Anayehitaji tiba iliyo juu ya uwezo wa hospitali hizo hana budi kusafiri. Kigali iko zaidi ya kilomita 200. Njia moja hupita katikati ya msitu wa Nyungwe hadi Huye, iliko Hospitali ya Chuo Kikuu ya Butare, CHUB. Nyingine hufuata ufuo wa Ziwa Kivu kupitia Nyamasheke na Karongi. Zote mbili ni njia za milima na kona nyingi, na msimu wa mvua huja na maporomoko ya udongo.

Ndani ya wilaya yenyewe pia umbali haufanani. Mkazi wa Kamembe yuko karibu na Gihundwe. Mkulima wa mpunga katika bonde la Bugarama yuko kwenye kona ya nchi, mpakani na Burundi na Kongo. Mkazi wa kisiwa cha Nkombo ana kituo cha afya kisiwani, lakini kuifikia hospitali lazima avuke maji kwanza.

Tuchukue mfano. Mama amejifungua salama kisiwani usiku, kisha anaanza kutokwa na damu nyingi. Wataalamu wa uzazi husema hali hiyo isipodhibitiwa yaweza kuua ndani ya saa mbili hivi. Katika muda huo ni lazima mtu atambue kwamba damu hii si ya kawaida, mkunga aanze dawa na kukanda tumbo la uzazi, simu ipigwe, mashua ipatikane, gari lingoje ufuoni, na upande wa pili awepo mtu mwenye ujuzi na damu ya kumwongezea. Hatua moja ikikwama, zilizobaki hazina maana. Mfano huu tutaurudia, kwa sababu karibu kila utafiti tutakaoutaja unagusa mojawapo ya hatua hizo.

Wazo la kumfuata mgonjwa

Hapo kale majeruhi aliletwa kwa tabibu. Wazo la tabibu kumwendea majeruhi lilipata umbo katika vita vya Ulaya vya miaka ya 1790, pale daktari wa jeshi la Ufaransa, Dominique-Jean Larrey, alipobuni magari mepesi ya farasi ya kuwaondoa majeruhi wakati mapigano yakiendelea.

Hatua nyingine kubwa ilitoka katika mtaa wa watu maskini. Mwaka 1967, mjini Pittsburgh nchini Marekani, ilianzishwa huduma iliyoitwa Freedom House. Wahudumu wake walikuwa vijana weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wasio na ajira, na Daktari Peter Safar akawafundisha kuokoa maisha njiani. Wakati huo katika miji mingi ya Marekani mgonjwa alibebwa na gari la polisi au la kampuni ya mazishi, na hakuna aliyemhudumia hadi afike. Vijana wa Freedom House walithibitisha kwamba mtu asiye daktari, akifundishwa vizuri, anaweza kufanya ndani ya gari mambo yaliyodhaniwa kuwa ya hospitalini tu. Swali lao ndilo swali la Afrika leo: pale madaktari walipo wachache, nani afundishwe, na afundishwe nini?

Ucheleweshaji wa namna tatu

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha uchambuzi kuhusu vifo vya wajawazito ambao mpaka sasa hutumika kama dira. Waligawa ucheleweshaji katika sehemu tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta msaada. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Mgawanyo huo ni mwepesi kuuelewa, lakini unabadilisha namna ya kufikiri. Anayeona ucheleweshaji wa pili peke yake atanunua magari. Anayeiona yote mitatu atauliza pia kwa nini familia ilingoja hadi asubuhi, na kwa nini mgonjwa aliyeletwa kwa kasi alikaa kwenye benchi. Katika mfano wetu wa Nkombo, mume anayesema "tungoje kidogo tuone" yuko katika ucheleweshaji wa kwanza, mawimbi ya ziwa yako katika wa pili, na hospitali isiyo na damu ya kundi linalohitajika iko katika wa tatu.

Rwanda imeonyesha kwamba vifo hivyo vinaweza kupunguzwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2000 ulikadiria vifo 1,071 vya wajawazito na wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2019 hadi 2020 ulikadiria 203. Sababu ni nyingi: bima ya afya ya mituweli, kujifungulia kwenye vituo vya afya, wakunga zaidi. Lakini uchunguzi wa 2014 hadi 2015 ulikuwa umekadiria 210, maana yake kasi ya kushuka kati ya chunguzi hizo mbili ilikuwa imepungua sana. Sehemu iliyobaki ni ngumu zaidi, na mingi ya vifo hivyo ni vya dharura.

Mikono ya kwanza ni ya jirani

Kabla ya king'ora kulikuwa na ingobyi, machela ya kusukwa ambayo wanaume wa kilimani hubeba mabegani kumpeleka mgonjwa. Katika vilima vya Rwanda majirani waliunda vikundi vya ingobyi. Kila familia ilichangia, kila mwanamume alikuwa na zamu, na asiyebeba wengine alijua kwamba siku yake ikifika atakosa wa kumbeba. Hiyo ilikuwa huduma ya dharura iliyo kamili, yenye wafanyakazi, kanuni na mfuko wake. Pale barabara inapoishia, bado inahitajika.

Mrithi wake wa siku hizi ni mshauri wa afya, umujyanama w'ubuzima. Rwanda ilianza kuwatumia wahudumu hawa wa jamii mwaka 1995, huchaguliwa na wanakijiji wenyewe, na kila kijiji kina wake. Mwaka 2009, wilayani Musanze, mfumo wa ujumbe mfupi wa simu uitwao RapidSMS ulijaribiwa kwa mara ya kwanza. Mshauri wa afya humwandikisha mjamzito na kumfuatilia, na anapoona dalili ya hatari hutuma ujumbe wa tahadhari unaokifikia kituo cha afya na wenye magari ya wagonjwa. Matokeo ya mwanzo yalichapishwa mwaka 2012, na mfumo ukasambazwa nchi nzima. Hapo ucheleweshaji wa kwanza na wa pili ulishambuliwa kwa pamoja kwa simu ya kawaida mkononi mwa mwanakijiji aliyefundishwa.

Umuhimu wa mikono ya kwanza wakazi wa Rusizi wanaujua bila kusoma utafiti. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa takriban 6 liliipiga Rusizi, Nyamasheke na Bukavu, baadhi ya watu wakiwa kanisani. Zaidi ya watu 30 walifariki upande wa Rwanda na mamia wakajeruhiwa. SAMU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na makao yake yalikuwa Kigali. Katika msiba wa namna hiyo, popote duniani, wanaofukua kifusi katika saa ya kwanza ni wale waliokuwa karibu.

Majirani zetu nao wameliona hilo. Jijini Kampala, watafiti waliwafundisha huduma ya kwanza ya majeruhi polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa wapatao 300, wakawapa vifaa vichache, kisha wakawafuatilia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba waliofundishwa walibaki na ujuzi na waliutumia barabarani. Tanzania nayo ilianzisha katika maeneo ya Sengerema na Shinyanga mpango wa m-mama, ambao humruhusu mpokeaji simu kumwita dereva wa gari la kawaida pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali, na dereva hulipwa kwa pesa za simu. Baadaye mpango huo uliingizwa katika huduma ya kitaifa. Mipango yote miwili inaanza na wale waliokwisha kuwepo barabarani, na kuwafundisha au kuwalipa ili wawe sehemu ya mlolongo.

Mafunzo yanabadilisha nini?

Je, kuwafundisha watu kunaokoa maisha kweli, au ni vyeti vya kutundika ukutani? Moja ya majibu bayana barani limetoka Kigali. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Rwanda kilianza kuwafunza madaktari bingwa wa tiba ya dharura katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali, CHUK, kwa msaada wa mpango wa rasilimali watu wa afya ulioshirikisha vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka 2019 watafiti walichapisha ulinganisho wa kumbukumbu za hospitali hiyo kabla na baada ya mafunzo kuanza. Ndani ya idara ya dharura, vifo vilishuka kutoka asilimia 6.3 ya wagonjwa hadi asilimia 1.2. Kwa hospitali nzima, vifo vya wagonjwa walioingia kupitia idara hiyo vilishuka kutoka asilimia 12.2 hadi 8.2.

Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu. Kulinganisha kabla na baada hakuondoi uwezekano kwamba mambo mengine yalibadilika pia katika miaka hiyo, kama vifaa au aina ya wagonjwa. Hata hivyo, tofauti ni kubwa mno kuweza kupuuzwa, na ilitokea katika idara ambayo jambo jipya lililoonekana zaidi ndani yake lilikuwa watu waliofunzwa.

Kwa wahudumu wa garini, SAMU ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth cha Marekani kutayarisha mafunzo ya kuhudumia majeruhi, na waliofunzwa wakawa wakufunzi wa wenzao. Ushirikiano huo ulizaa pia kumbukumbu zinazoweza kuchunguzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipitia kumbukumbu za miaka miwili za majeruhi zaidi ya 3,000 waliobebwa na SAMU Kigali. Wengi walikuwa wanaume vijana, ajali za barabarani zikiwa chanzo kikuu, na pikipiki zilijitokeza mara nyingi. Kumbukumbu za namna hiyo ndizo zinazoweza kumwambia mpangaji gari likae wapi na saa ngapi. Lakini picha ya Kigali haitoshi kuieleza Rusizi, yenye ziwa, migodi ya mawe ya saruji, mashamba ya mpunga na mpaka wenye msongamano. Wilaya inayotaka mipango yake yenyewe inahitaji kumbukumbu zake yenyewe, na kumbukumbu huanza na muuguzi anayejaza fomu hata akiwa amechoka.

Kwa bara zima, pengo ni kubwa. Uchunguzi wa nchi za Afrika uliochapishwa mwaka 2017 ulizikuta huduma rasmi za magari ya wagonjwa katika nchi 16 tu, na idadi ya Waafrika waliokuwa wakifikiwa na huduma hizo haikufika asilimia 9. Shirika la Afya Duniani, ambalo nchi wanachama wake zilipitisha maazimio kuhusu huduma ya dharura mwaka 2007 na tena 2019, husema kwamba zaidi ya nusu ya vifo katika nchi za kipato cha chini na cha kati hutokana na hali ambazo huduma ya dharura ingeweza kuzikabili.

Anayemhudumia mhudumu ni nani?

Sura hii haikuandikwa sana hadi miaka ya karibuni. Mwaka 2018 watafiti walijumuisha tafiti 27 zilizowahusu wahudumu wa magari ya wagonjwa zaidi ya 30,000 katika nchi mbalimbali. Waligundua kwamba takriban asilimia 11 walikuwa na maradhi ya msongo yatokanayo na matukio ya kutisha, na asilimia 15 walikuwa na sonona. Tafiti nyingi za aina hii hutoka nchi tajiri, ambako mhudumu ana mwenzake wa kumpokea zamu. Mahali ambapo wahudumu ni wachache, anayeshindwa kulala baada ya kumpoteza mtoto mikononi mwake hana budi kurudi kazini asubuhi.

Rwanda ina sababu ya ziada ya kulitazama jambo hili. Kila mwaka kuanzia Aprili, katika kipindi cha kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wahudumu wa afya hukaa kwenye maeneo ya kumbukumbu ili kuwasaidia wanaopatwa na ihahamuka, yaani mshtuko wa kiwewe unaorudi kwa nguvu. Wanaowashika mikono wenzao siku hizo nao ni wana wa nchi hii, na baadhi yao wana wafu wao wa kuwakumbuka.

Hatari ya mwili nayo si ndogo. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg. Hadi ulipotangazwa kumalizika tarehe 20 Desemba mwaka huo, watu 66 walikuwa wamethibitishwa kuugua na 15 kufariki. Karibu asilimia 80 ya walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Idadi ya vifo kwa walioambukizwa ilikuwa ndogo kuliko katika milipuko mingi iliyopita ya ugonjwa huo, na sifa ya hilo iliwaendea wale waliowatibu wenzao wakiijua hatari. Funzo ni kwamba anayemgusa mgonjwa kwanza, kabla ugonjwa haujapata jina, ndiye aliye hatarini zaidi. Glavu na barakoa za kutosha ndani ya gari zinamlinda yeye, na pia zinamlinda mgonjwa atakayebebwa kesho na gari hilohilo.

Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango unaojulikana kwa jina la 4x4, wenye lengo la kuzidisha mara nne idadi ya wahudumu wa afya ndani ya miaka minne. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni wahudumu 4.45, yaani madaktari, wauguzi na wakunga, kwa kila watu 1,000. Kwa wilaya za pembezoni swali litakuwa la namna mbili: wangapi watafundishwa, na wangapi watakubali kubaki Bugarama au Nkombo baada ya kufundishwa. Uzoefu wa nchi nyingi ni kwamba mtu hubaki anapokuwa na nyumba ya kuishi, mkuu wa kumsikiliza, nafasi ya kusoma zaidi, na zamu ambayo ina mwisho.

Lugha iliyo kwenye simu

Kuna hatua moja ya mlolongo inayowahusu wasomaji wa ukurasa huu kwa karibu zaidi, nayo ni dakika ya kwanza ya simu. Katika jimbo la Washington nchini Marekani, eneo la King County, utafiti wa mwaka 2011 ulichunguza simu za dharura za watu waliosimama moyo. Pale mpigaji simu alipokuwa na Kiingereza kidogo, mpokeaji alichukua muda mrefu zaidi kutambua kinachotokea, na kusukuma kifua cha mgonjwa kulichelewa kuanza. Katika hali hiyo uhai huhesabiwa kwa dakika.

Rusizi ni wilaya ya lugha nyingi. Kinyarwanda ndicho cha wote. Lakini kisiwani Nkombo wengi hukua na Kihavu, kwenye maduka na misikiti ya Kamembe Kiswahili kina nyumba yake, na kila siku daraja la Rusizi huvukwa na watu wa Bukavu ambao Kiswahili ndicho wanachokimbilia wakiwa na hofu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Hadhi hiyo ya kisheria hupata maana yake halisi usiku, pale mgeni aliyeanguka na pikipiki, au mke wake, anaposhika simu. Mtu mwenye hofu hurudi kwenye lugha ya mama yake. Mpango mzuri wa huduma ya dharura hulizingatia hilo unapoajiri na unapofundisha.

Hatua inayofuata ya utafiti nchini inagusa dakika hiyohiyo. Mradi uitwao Rwanda912 unawashirikisha SAMU, Chuo Kikuu cha Rwanda, Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza na wataalamu wa programu za kompyuta wa Rwanda Build Program. Unatengeneza na kupima mfumo unaounganisha mpokeaji simu, gari na hospitali, ili gari lililo karibu lijulikane upesi na mgonjwa apelekwe kwenye hospitali yenye uwezo wa kumtibu na iliyo tayari kumpokea. Jambo la kutia moyo ni kwamba mfumo huo unapimwa kabla ya kusifiwa.

Ukipiga 912

Msomaji naye ni sehemu ya mlolongo. Mambo yafuatayo hupendekezwa na watoa huduma za dharura karibu kila mahali:

- Taja kwanza mahali ulipo: wilaya, sekta, seli, kijiji, na alama inayojulikana kama shule, msikiti, kanisa au gati. Simu ikikatika, angalau watajua pa kuja.
- Sema kilichotokea na idadi ya walioathirika.
- Eleza hali ya mgonjwa kwa maneno mepesi: anaitika au haitiki, anapumua au hapumui, anatokwa na damu wapi.
- Usikate simu hadi uambiwe. Huenda ukapewa maelekezo ya kufanya wakati unangoja.
- Ukiwa huiwezi lugha ya anayepokea, mpe simu mtu wa karibu anayeiweza, lakini wewe ubaki karibu na mgonjwa ueleze unachokiona.
- Damu ikitoka kwa wingi jerahani, gandamiza kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia. Usimnyanyue aliyeumia shingo au mgongo isipokuwa kuna hatari kubwa zaidi pale alipo.
- Mtume mtu barabarani, au ufuoni, alielekeze gari. Usiku awe na taa.

Kwa ajali za barabarani, polisi hupatikana kwa nambari 113, na kikosi cha zimamoto kwa 111. Wenye bima ya mituweli huchangia asilimia 10 ya gharama za hospitali, hivyo kuilipia bima mapema ni kuuondoa mzigo mmoja kati ya ile inayoifanya familia isite kupiga simu.

Turudi kwa mama wa Nkombo. Akiokoka, familia yake italikumbuka gari jeupe lililongoja ufuoni. Ni haki yao. Lakini kabla ya gari kulikuwa na mshauri wa afya aliyejua kwamba damu ile ilikuwa nyingi kupita kiasi, mkunga aliyeanza tiba bila kungoja, mpiga makasia aliyeamshwa usingizini, na mtu mmoja kwenye simu aliyeelewa neno la kwanza alilosikia. Watafiti wanaendelea kutuhesabia dakika zao. Iliyobaki ni wilaya na nchi kuhakikisha kwamba watu hao wapo, wamefundishwa, na wana nguvu za kuamka tena kesho usiku.